Saa Tatu ni Upande Gani?

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko barazani mwa duka moja Tabora mjini, na kutwa nzima macho yanatoka kwenye sindano yanakwenda kwenye saa ya ukutani, maana wateja wangu wana ugonjwa wa kuja kuchukua gauni la sherehe siku ileile ya sherehe. Naanza na hiyo saa kwa sababu ndiyo iliyonigombanisha na shemeji yangu kwenye uwanja wa mishale, tukakaa karibu wiki mbili tunasalimiana kwa heshima mno, ile heshima ya watu wasiotaka kutazamana.

Shemeji ni mdogo wake mume wangu. Anarina asali. Mizinga yake iko porini upande wa Sikonge, anapotea huko siku kumi, kumi na tano, akirudi ananuka moshi na ana madebe. Upinde kwake si michezo. Babu yao alimchongea wa kwanza kabla hajaanza shule, akawekwa kulinda mahindi dhidi ya ngedere. Mimi nilikuja kushika upinde nikiwa na watoto wawili tayari, na wa kwanza kunicheka alikuwa mama mkwe.

Aliyetuingiza kwenye mambo haya ni Mholanzi mmoja aliyekuwa akifuatilia habari za nyuki na kupanga chumba kwetu. Jumamosi ya tarehe 24 Julai 2021, asubuhi, alikuja na kompyuta yake akaiweka juu ya meza ninayokatia vitambaa, akaomba tumpe saa moja tu. Tokyo wako mbele yetu kwa saa sita, kwa hiyo huko ilikuwa alasiri. Olimpiki ya 2020, iliyosogezwa mwaka mmoja mbele kwa ajili ya korona, ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, na siku hiyo kulikuwa na pinde.

Nilidhani upigaji mishale ni mtu mmoja na shabaha yake. Nikaona wanaingia wawili wawili, mwanamke na mwanamume. Timu mchanganyiko ndiyo kwanza ilikuwa inaingizwa kwenye Olimpiki mwaka ule. Wanatumia upinde wa rikavu, ule ambao ncha zake mbili zimebetuka kuelekea mbele kama midomo ya mtu aliyenuna. Wanasimama mita 70 kutoka kwenye shabaha. Shabaha nzima ina upana wa sentimita 122, lakini duara la pointi 10 lina sentimita 12.2 tu, halifiki hata kisahani cha kikombe cha chai. Kila seti timu inarusha mishale minne, kila mtu miwili. Atakayeshinda seti anapata pointi mbili, mkitoka sare kila upande unapata moja, na wa kwanza kufika tano kamaliza mchezo.

Haya yote niliyashika haraka. Kilichonikaa kichwani ni muda. Sekunde 80 kwa mishale minne, na hizo 80 si za kila mtu. Ni za wote wawili.

Mholanzi wetu alianza kwa furaha. Kwenye fainali Gabriela Schloesser na Steve Wijler waliichukua seti ya kwanza 38 kwa 35, akapiga meza yangu hadi pini zikamwagika. Baada ya hapo Korea Kusini wakashinda 37 kwa 36, kisha 36 kwa 33, na seti ya mwisho ikawa 39 kwa 39. Dhahabu ikaenda Korea, 5 kwa 3. Yeye akafunga kompyuta akaenda kukaa chini ya mwembe peke yake. Mimi nikabaki nawaza wale Wakorea. An San, binti wa miaka 20, uso mkavu kama maji ya mtungini. Mwenzake Kim Je-deok, kijana wa miaka 17, anapiga kelele uwanja mzima kujitia moyo, anafoka kama kondakta wa basi. Nikajiuliza yule binti anawezaje kulenga na mtu kama huyo mgongoni pake. Na bado kwenye nusu fainali na Meksiko, mshale wa mmoja ulikuwa umeupasua wa mwenzake uliokwisha kukaa shabahani.

Shemeji, aliyekuwa amekuja kuleta asali akanaswa na mchezo, alisema neno moja: "Mbona wanachelewa hivi? Ngedere angekuwa ameshamaliza mahindi."

Mwisho wa mwaka Mholanzi alirudi kwao, akatuachia pinde mbili za kufungua na kufunga, mishale kumi na miwili, na karatasi moja ya maelekezo. Pinde nyepesi za kujifunzia, za mita 70 hazikuwa. Tukaamua mita 30.

Uwanja ulikuwa kiwanja cha mama mkwe nje kidogo ya mji, upande mmoja mwembe mkubwa, upande wa pili reli inayokwenda Kigoma. Shabaha niliitengeneza mimi. Viroba vya mbolea vilivyooshwa, ndani tumeshindilia vipande vya vitambaa vya mafundi wote wa baraza letu, vikapigwa kamba mpaka vikawa vigumu kama robota la mitumba. Mbele yake nikashona uso wa shabaha. Kwa mita 30 tulichagua ule wa sentimita 80, ambao duara la 10 lina sentimita 8. Nilipiga msumari katikati ya kitambaa, nikafunga uzi, mwisho wa uzi chaki yangu ya kukatia. Sentimita 4, nikazungusha. Sentimita 8, nikazungusha. Mpaka 40, maduara kumi. Kisha rangi kutoka nje kuja ndani, mbilimbili: nyeupe, nyeusi, buluu, nyekundu, njano. Njano niliitoa kwenye mabaki ya sare ya kwaya. Sijawahi kushona kitu kwa makini hivyo halafu nikakaa kushangilia kinatobolewa.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja siku ya tatu, kasikia kuna watu wanajifunza ujangili. Alipewa kiti, chai na matobolwa, akarusha mishale mitatu, mmoja ukaenda relini. Hakurudi tena na habari za ujangili. Tangu siku hiyo, hata hivyo, tukaweka sheria: mtoto yeyote akivuka kamba, mchezo unasimama.

Mimi na shemeji hatufanani kwa lolote. Yeye anainua upinde, anavuta, anaachia, kwa muda wa mtu kupiga chafya. Hatazami saiti, kile kidude cha kulengea kinachofungwa kwenye upinde, anatazama anakotaka mshale uende, basi. Mimi nilifungiwa klika, kile kibati chembamba kinacholalia mshale na kulia "tik" ukishavutwa hadi mwisho. Kikilia, unaachia. Kabla hakijalia, huachii. Kwa mtu wa kupimapima kama mimi kilikuwa dawa na ugonjwa kwa pamoja, kwa sababu niliweza kukingoja kilie hadi mkono ukatetemeka. Mimi nilikuwa wa haraka haraka haina baraka, shemeji wa ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zote mbili ni za wazee wetu na zote ni za kweli, sasa ziweke kwenye sekunde 80 uone.

Mume wangu alikuwa mshika saa, na simu yake ndiyo iliyotuumbua. Siku ya kwanza tulipojipima kwa sheria za timu mchanganyiko nilitangulia mimi. Kila mshale nilitumia sekunde 30. Kumbuka kwamba mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kwenye mstari wa kurushia. Mwenzake anasubiri nyuma ya mstari mwingine ulio mita moja nyuma, na mshale hautolewi kwenye podo mpaka uwe umeshasimama pale mbele. Ukiwahi kuvuka unaonyeshwa kadi ya njano, unarudi nyuma, na saa inaendelea kukimbia. Kwa hiyo kupishana nako kunakula muda. Sisi tulikuwa tunatumia kama sekunde nne kila mtu anapoingia, mara nne, 16. Zangu 60. Jumla 76. Shemeji alikuwa amebakiwa na sekunde nne za mishale miwili.

Na alikuwa anairusha! Hicho ndicho kilichonificha kosa langu muda mrefu. Alirusha mmoja mbio mbio ukaingia kwenye buluu, wa pili ukaenda kwenye nyeupe, mimi nikasema moyoni kwamba shemeji hana utulivu. Miezi miwili nzima nilikuwa namsikitikia mtu niliyekuwa namwibia.

Mume wangu ndiye aliyeandika hesabu kwenye boksi la biskuti akaniwekea mbele bila kusema kitu. Anajua kukaa katikati ya mke na ndugu yake. Hajibu, anaonyesha namba. Tukabadili. Shemeji akawa anatangulia. Sekunde nane kila mshale, ambazo kwake ni nyingi, alilalamika kwamba anachoka kusubiri. Mimi nikapewa 22. Nane mara mbili 16, 22 mara mbili 44, kupishana 16. Jumla 76, zinabaki nne za dharura. Kutoka 30 hadi 22 kulinichukua kuanzia masika hadi mahindi yanavunwa. Sikujifunza kulenga upesi. Nilijifunza kuyamaliza ya moyoni nikiwa bado nyuma ya mstari wa mita moja: pumzi, vidole, mahali pa kuweka miguu. Nikifika mbele iwe kazi ya mikono tu.

Kabla hatujanyooka vizuri likaja jambo la mishale. Ile kumi na miwili ilibaki mitano, mingine imepotelea majanini na mmoja, kama nilivyosema, relini. Tukaagiza kwenye duka moja Dar, tukaeleza pinde zetu, tukalipa. Ikaja mishale mizuri mno, myeusi, inang'aa. Yangu yote ikawa inakwenda kushoto. Sheria ya saiti ni kuufuata mshale: ukianguka kushoto, sogeza saiti kushoto. Nikasogeza. Kesho yake nikasogeza tena. Wiki tatu nasogeza, mpaka kile kidude kikafika mwisho wa reli yake, hakuna pa kwenda. Nikasema mkono wangu umeharibika.

Shemeji alirudi kutoka porini, akachukua mshale mmoja wa zamani na mmoja mpya, akaweka kila mmoja ncha moja chini na kuukandamiza katikati kwa kiganja, taratibu, kama anavyojaribu ufito. Wa zamani ukakubali. Mpya ukabisha.

"Shem, huu mkavu. Umetengenezewa upinde wa mtu mwingine. Babu angeutupa."

Mshale ukiachiwa haubaki umenyooka. Unajikunja ukipita pembeni mwa upinde, halafu unajinyoosha ukiwa hewani. Upinde mwepesi hauna nguvu ya kuukunja mshale mgumu, basi kwa anayevuta kwa mkono wa kulia kama mimi unaondoka kushoto. Karatasi ya Mholanzi ilikuwa na hayo yote kwenye aya ya tano. Nilikuwa nimeisoma. Shemeji hajawahi kuisoma. Tuliandikia duka likatujibu kwamba mzigo ukishafunguliwa haurudi. Mishale ile myeusi mama mkwe ameegemezea nyanya.

Tukaja kwenye maneno. Mtu akirusha vibaya mbele yako, Mswahili yeyote mwenye malezi anasema "pole". Shemeji alikuwa anasema pole kila mshale wangu ulipotoka kwenye njano. Pole ya kwanza unaipokea. Ya pili inakukumbusha ya kwanza. Ikifika ya tano unakwenda kwenye mstari unasubiri pole, na mshale nao unaitafuta. Nilimwomba aache, akaona nimemvunjia adabu. Kwao mtu asiyesema pole ni mtu gani? Tukakubaliana pole zote ziwekwe hadi jioni, atanipa kwa jumla. Uwanjani aseme tu mshale umeangukia wapi, kwa kuwa yeye macho yake yanaona tundu kwenye kitambaa umbali ambao mimi naona rangi tu.

Hapo ndipo saa ikaingia.

Mholanzi alikuwa amemfundisha kwamba wapiga mishale huisoma shabaha kama uso wa saa. Mshale ukiwa kulia kabisa unataja tatu, ukiwa juu unataja kumi na mbili. Alimfundisha kwa Kiswahili chake, akasema "saa tatu" na kuonyesha kulia, kwa kuwa namba 3 iko kulia. Shemeji akalishika hivyo. Mimi hakuna aliyenieleza, na wala sikuona cha kuelezwa, kwa kuwa naitazama saa kutwa nzima. Saa tatu asubuhi ndipo ninapofungua mashine, na mshale wa saa unakuwa umeelekea kwenye 9. Kushoto.

Kwa hiyo mshale wangu unaanguka kulia. Shemeji anasema, "Saa tatu." Mimi nasikia kushoto, nasogeza saiti kushoto. Mshale wa pili unakwenda kulia zaidi. "Saa tatu tena, Shem, mbali!" Nasogeza tena. Na si kulia na kushoto tu. Mshale ukiwa juu anasema saa kumi na mbili, na kwangu saa kumi na mbili mshale mfupi umening'inia chini kwenye 6. Kila alichonitajia kilikuwa kinyume chake kamili, na kila nilichorekebisha nilikuwa naharibu. Nikaamini ananifanyia makusudi kwa sababu ya zile pole. Yeye akaamini nafanya kinyume kwa kiburi, kwamba mwanamke wa mjini hawezi kuelekezwa na mrina asali. Siku ya Jumapili moja nilimwambia mbele ya mama mkwe kwamba macho yake yamekula moshi. Nikajuta kabla sijafunga mdomo, lakini neno lilikuwa limeshafika.

Ndipo zikaja zile wiki mbili. "Shikamoo" kwa wakubwa, "habari za kazi" kati yetu, na kila mtu na njia yake.

Aliyetufumbua ni mwanangu wa darasa la tatu. Alikuwa na kazi ya shule ya kuchora saa inayoonyesha saa tatu kamili. Baba yake mdogo alikuwa amekuja kuleta nta, akamwelekeza: mshale mfupi uweke hapa, kwenye tisa. Mimi nilikuwa naweka vifungo kwenye shati. Sote wawili tuliinua vichwa kwa pamoja. Shemeji akaitazama ile saa ya kwenye daftari, akanitazama, akaitazama tena.

"Shem," akasema, "saa tatu ni upande gani?"

Tulicheka mpaka nikajichoma sindano. Jioni ileile alinipa pole zote alizokuwa ameziweka.

Saa tukaifukuza uwanjani. Kushoto ikawa "mwembe", kulia ikawa "reli", juu na chini zikabaki juu na chini. Halafu pointi. "Reli, nane." "Mwembe chini, saba." Maneno mawili, matatu, hakuna huruma ndani yake wala lawama, na mtu yeyote aliyesimama pale anaelewa. Nimewahi kumsikia mama mkwe akimwelekeza mjukuu kijiko kilipo: "Mwembe kidogo. Hapo."

Agosti 2024 Mholanzi alirudi kututembelea, safari hii na mkewe, ambaye naye ni mpiga mishale kwao. Olimpiki ya Paris ilikuwa inaendelea. Ijumaa ya tarehe 2 tuliangalia fainali ya timu mchanganyiko kutoka Les Invalides: Lim Si-hyeon na Kim Woo-jin wa Korea Kusini wakawachapa Wajerumani Michelle Kroppen na Florian Unruh 6 kwa 0. Shaba wakachukua Wamarekani Casey Kaufhold na Brady Ellison. Ila aliyekuwa midomoni mwa watu wiki ile hapa kwetu ni Israel Madaye wa Chad, aliyejifunza kwa kutazama video za mtandaoni, akapangwa na huyohuyo Kim Woo-jin na mshale wake mmoja ukaangukia pointi 1. Watu walicheka. Shemeji hakucheka. "Mnajua mita 70 ni mbali kiasi gani?" aliwauliza, akawapeleka nje akawapimia kwa hatua, wakafika karibu na reli wakanyamaza.

Jumapili ya tarehe 4 tukacheza nao. Wageni wawili, sisi wawili, mita 30, sheria zote, mume wangu na simu yake. Tulicheza kwa kupokezana kama wanavyofanya kwenye fainali ya Olimpiki: timu moja inarusha miwili, mmoja mmoja kila mtu, saa yake inasimama, ya pili inaingia. Juu ya shabaha nimefunga kipande cha khanga cha kuonyesha upepo, maana mwezi wa nane Tabora upepo hauna adabu, na siku ile ulikuwa unatoka upande wa reli.

Seti ya kwanza wao, 31 kwa 29. Ya pili sisi, 33 kwa 30. Ya tatu wao, 32 kwa 31, na hapo mama mkwe akaacha kumenya karanga. Ya nne tulipiga 34, ambayo hatujawahi kuipiga kabla wala baadaye, wao 31. Nne kwa nne.

Sare ya namna hiyo huamuliwa kwa mshale mmoja kila mtu, sekunde 40 kwa timu. Mkewe Mholanzi akatangulia, 9. Shemeji akaingia, sekunde saba, 9. Mholanzi akapiga 8. Wao 17. Mimi nikihitaji 9 tushinde, au 8 tupimiwe nani yuko karibu zaidi na katikati.

Shemeji alitoka kwenye mstari akanipita bila kunitazama. Alikuwa ameniachia sekunde 33.

Nikavuta. Kidevu, ugwe puani, saiti kwenye njano. Khanga ikainuka yote, ikasimama kama mkono wa mtu anayeita gari. Klika haijalia. Zamani ningeng'ang'ana. Nikashusha upinde, mshale ukiwa bado umo. Mume wangu: "Kumi na tatu." Nikavuta pumzi moja, khanga ikalegea nusu, nikainua tena. Tik. Nikaachia zikiwa zimebaki tatu.

Nyuma yangu kimya, kisha sauti ya shemeji, ya kawaida kabisa, kama anayehesabu madebe.

"Mwembe. Saba."

Kumi na sita kwa 17. Wageni walitukumbatia, mama mkwe akasema wameonewa watoto wake, akaenda kuinjika ugali.

Usiku tukaangalia marudio ya fainali ya wanaume ya siku ileile. Kim Woo-jin na Brady Ellison nao walikuwa wamefika mshale mmoja wa mwisho. Wote wawili 10. Ikabidi kupimwa. Kim alikuwa karibu na katikati kwa milimita 4.9. Nilichukua utepe wangu wa kupimia nikamwonyesha shemeji milimita tano ni kiasi gani. Ni chini ya upindo ninaouacha kwenye mshono wa begani.

Aliutazama utepe muda mrefu. Akaniuliza, "Ule wa kwanza ungeuachia, ungekaa wapi?"

"Sijui. Khanga ilikuwa imesimama."

"Niliiona."

Kesho yake, baada ya kuwasindikiza wageni, niliufungua uso wa shabaha niubadilishe. Duara la njano lilikuwa limechakaa kiasi cha kutofaa kwa kiraka, na lilikuwa limechakaa upande mmoja. Nililigeuza kwenye mwanga dirishani, nikamwita shemeji aje aone. Matundu yote, yake na yangu, yalikuwa yameegemea kwenye mwembe.